Deni la Nyumba ya Daudi: barua juu ya Zaburi ya 89

Mwalimu mwenzangu na rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi ziwafikie wewe, mama watoto na wote wa hapo nyumbani. Barua yako ya mwezi uliopita niliipokea, nikaisoma mara mbili usiku ule ule, nikaiweka kando kwa siku kadhaa, kwa sababu swali lililomo si la kujibiwa kwa haraka. Umenieleza kwamba katika mafunzo yenu ya Jumatano jioni mmefika Zaburi ya 89, na kwamba kijana mmoja alisimama akauliza mbele ya wote: ikiwa Mungu alimwapia Daudi kiti cha enzi cha milele, na kiti hicho kikaja kuanguka, je, Mungu alisema uongo? Ulimjibu kwa kumtaja Yesu, naye akaketi, lakini wewe mwenyewe hukuridhika. Nakusifu kwa kutoridhika. Jibu ulilompa si baya, na nitalirudia, ila liliruka mahali ambapo mshairi mwenyewe alikaa kwa muda mrefu, tena kwa machozi.

Turudi kwanza kwenye ahadi yenyewe, kama ilivyo katika 2 Samweli 7. Daudi amekwisha kukaa katika nyumba ya mierezi, akaona haya kwamba sanduku la Mungu linakaa ndani ya hema, akataka kulijengea nyumba. Usiku ule nabii Nathani akapewa jibu lililogeuza mambo: si Daudi atakayemjengea Mungu nyumba, bali Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba. Neno la Kiebrania ni bayit, nalo hubeba jengo, hekalu na ukoo kwa pamoja. Sisi ambao husema mtu fulani ni wa nyumba ya fulani, au kama wasemavyo watu wa pwani, wa mlango wa fulani, tunalisikia neno hilo bila kuelezwa. Hata adui wa Daudi walilisikia hivyo. Mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, wachimbuaji walipata kipande cha jiwe lenye maandishi ya Kiaramu ya karne ya 9 kabla ya Kristo, ambamo mfalme wa kigeni anajisifu kwa ushindi wake, na wataalamu wengi husoma humo maneno "Nyumba ya Daudi". Ahadi ilihusu ukoo unaojulikana, wenye jina, na hiyo ndiyo sababu kuanguka kwake kuliuma kiasi kile.

Washairi wa Zaburi waliichukua ahadi hiyo wakaifanya wimbo, lakini hawakumpa mfalme uungu. Angalia Zaburi ya 2: "Ndiwe mwanangu, mimi leo nimekuzaa." Neno zito hapo ni leo. Huko Misri Farao alihesabiwa kuwa wa jamaa ya miungu, lakini mfalme wa Yerusalemu anafanywa mwana siku fulani, kwa kauli ya Mungu, yaelekea siku ya kutawazwa kwake. Na aliyefanywa mwana kwa kauli anaweza pia kurudiwa kwa fimbo kama mwana, jambo ambalo Nathani alilisema wazi. Zaburi ya 72 nayo inaeleza kazi ya mfalme kwa namna inayonigusa kila ninapoisoma: awaokoe wahitaji waliao, na damu yao iwe na thamani machoni pake. Mimi naamini kwamba asiyeisoma Zaburi hiyo kabla ya kusema juu ya ahadi ya ufalme atadhani Mungu aliahidi kiti tu, kumbe aliahidi haki itakayokalia kiti.

Sasa weka Zaburi ya 132 na ya 89 kando kwa kando, kwa maana hapo ndipo kijana wako alipogusa bila kujua. Zote mbili zinasimulia kiapo kile kile cha Mungu kwa Daudi, na katika zote mbili kuna neno dogo la Kiebrania, im, yaani "ikiwa". Katika Zaburi ya 132, aya ya 12, ikiwa wana wa Daudi watalishika agano, wao na wana wao wataketi kitini pake milele. Katika Zaburi ya 89, aya ya 30 na zinazofuata, ikiwa wana wake wataiacha sheria, watapigwa kwa fimbo, lakini fadhili hazitaondolewa kwake. Neno ni moja, nazo zinaachana kabisa: moja inaweka sharti juu ya kiti, nyingine inaweka sharti juu ya mapigo tu. Wako wanaojitahidi kuzipatanisha kwa nguvu. Mimi nadhani waliozikusanya Zaburi waliziacha zote mbili kwa makusudi, kwa sababu watu wa Mungu walihitaji kusikia sauti zote mbili, ile inayoonya na ile inayoshikilia.

Kisha aya ya 35, ambayo naomba uwasomee vijana polepole. Biblia yetu inasema kwamba Mungu ameapa kwa utakatifu wake kuwa hatamwambia Daudi uongo. Katika Kiebrania sentensi hiyo imeanza tena na im: "ikiwa nitamdanganya Daudi", kisha ikakatika hapo hapo. Ndivyo Waebrania walivyoapa. Mtu alitaja kosa, na laana ambayo ingempata akiacha kutimiza akaiacha bila kuitamka. Hebu fikiri maana ya Mungu kuapa hivyo. Mwanadamu huapa kwa aliye mkubwa kuliko yeye, nasi tunasema "haki ya Mungu" ili Mungu awe shahidi juu yetu. Mungu hana wa kumwapia, basi anaapa kwa utakatifu wake mwenyewe na kuiacha laana ikining'inia. Jua na mwezi vinatajwa kama kipimo cha kudumu kwa kiti hicho. Kama kijana wako ameshtuka kwamba kiapo cha namna hiyo kilionekana kuvunjika, ameisoma Zaburi vizuri kuliko wengi wetu wazee.

Na mshairi alishtuka kabla yake. Hadi aya ya 37 ahadi imeimbwa kwa sauti kuu, kisha aya ya 38 inageuka ghafla: "Walakini Wewe umemtupa na kumkataa." Sikiliza huo "Wewe". Ni attah, neno lile lile lililorudiwa katika aya za 9 hadi 12 kumsifu Mungu: Wewe ndiwe utawalaye bahari, Wewe ndiwe uliyeiumba kaskazini na kusini. Mshairi anachukua kiwakilishi cha sifa na kukifanya cha mashtaka. Taji limetupwa chini, kuta zimebomolewa, kiti kimeangushwa, na kila tendo amelitia mkononi mwa Mungu. Babeli haitajwi hata mara moja.

Hatuambiwi aliandika katika maafa gani, lakini wengi wamesikia humo kilio cha siku za mwisho za Yuda. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Yehoyakini, kijana wa miaka 18 aliyetawala miezi mitatu tu, alipelekwa Babeli. Miaka kama kumi baadaye Yerusalemu ukateketezwa, na Sedekia, mfalme wa mwisho, akatobolewa macho baada ya kuwaona wanawe wakiuawa. Aya ya 45 inayolalamika kwamba siku za ujana wa mfalme zimefupishwa huniletea sura ya Yehoyakini yule kila mara. Vibao vya udongo vilivyopatikana Babeli vinautaja mgawo wa mafuta aliopewa yeye na wanawe watano, naye bado anaitwa mfalme wa Yuda. Mrithi wa ahadi aliyeapiwa kwa jua na mwezi alikuwa akipimiwa mafuta katika nyumba ya mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, nasi tumeutumia msemo huo kumkumbusha aliyeahidi. Mara chache tunautazama kwa upande wa aliyeahidiwa, kwamba ahadi inampa haki ya kudai. Hapa mtaani kwetu yuko mama mjane ambaye kwa miaka minne amekuwa akienda kudai kiwanja cha marehemu mumewe, na kila anapoitwa mbele ya wazee hufungua mfuko wa plastiki, akatoa hati, akaomba isomwe tena neno kwa neno. Hawatukani, wala hasemi kwamba hati haina maana; angeona haina maana angebaki nyumbani. Mshairi wa Zaburi ya 89 anafanya hivyo hivyo. Aya 19 nzima, kuanzia ya 19 hadi ya 37, ni hati inayosomwa kwa sauti mbele ya yule aliyeiandika. Maneno mawili, hesed na emunah, yaani fadhili na uaminifu, yanatajwa mara saba kila moja katika Zaburi hii, na mara ya saba ni katika aya ya 49: "Bwana, zi wapi fadhili zako za kwanza, ulizomwapia Daudi kwa uaminifu wako?" Wimbo ulioanza kwa kusema "Fadhili za Bwana nitaziimba milele" unafika mwisho ukiuliza fadhili hizo ziko wapi, na bado unaziita zako.

Kwa hiyo, ukikutana tena na kijana yule, mwambie kwamba maana ya ahadi ya ufalme katika mashairi haya haikuwa kuwahakikishia wafalme usalama. Iliwapa watu walioonewa na waliopoteza kila kitu neno la Mungu mwenyewe la kumrudishia Mungu. Hata aya ya 50 inatoka kwa mfalme mmoja na kufika kwa "watumishi wako", wengi, wanaosimangwa. Nabii wa Isaya 55 naye anazitoa fadhili zilizo imara za Daudi na kuwapa watu wote wenye kiu waliokuwa uhamishoni. Deni halikufutwa, waliokuwa na haki ya kulidai waliongezeka. Wayahudi hadi leo huliombea Chipukizi la Daudi katika sala zao za kila siku, na masimango dhidi ya nyayo za masihi katika aya ya 51 yaliwapa msemo wao wa kungojea. Nasi tunaoamini kwamba malaika alimwambia Mariamu habari za kiti cha Daudi tunakiri kwamba malipo yamekuja. Lakini nakuomba usilitaje jina la Yesu upesi ili kumnyamazisha anayeuliza, kwa kuwa hata yeye aliyeitwa Mwana wa Daudi alilia msalabani kwa maneno ya Zaburi ya malalamiko.

Umeniuliza pia mkome wapi kusoma siku ya ibada, kwa kuwa wazee wamependekeza aya ya 37 ili watu waondoke na furaha. Mimi nasema msikome hapo. Someni hadi ya 51, kisha nyamazeni kidogo, kwa sababu aya ya 52, ile ya "Amina na Amina", imewekwa kufunga kitabu cha tatu kati ya vitano vya Zaburi, wala haimjibu mwenye kuuliza. Mkishanyamaza, fungueni ukurasa unaofuata, Zaburi ya 90, ambayo kichwa chake kinaitaja kuwa sala ya Musa, mtu aliyemjua Mungu nyikani kabla Israeli haijawa na mfalme hata mmoja. Muulize kijana anaona nini katika kuwekwa kwake hapo, uniandikie atakavyojibu.

Wasalimie wazee wote wa usharika. Mimi na wa kwangu tu wazima.

Rafiki yako daima.