Kipimo cha metakolini: kwa nini tunaichokoza pumu kabla ya kuitibu

Wanaotupigia simu kuulizia kipimo hiki huwa na hofu moja: "Kwa hiyo mtanipa dawa ya kunibana kifua makusudi?" Ndiyo, kwa muda mfupi, na tunaona vyema uelewe sababu yake kabla hujafika.

Pumu hujificha. Usiku unakohoa, ukifagia vumbi kifua kinapiga filimbi, lakini ukija asubuhi ukapuliza kwenye spairometa, kifaa cha kupima pumzi, majibu yanatoka safi. Hapo daktari akuandikie pampu kwa kubahatisha, au aichokoze mirija yako ya hewa aone inavyoitikia. Metakolini hukaza misuli inayoizunguka mirija hiyo. Mwenye pumu hubanwa na dozi ndogo ambayo mtu mwingine haimshtui.

Kwanza unapuliza kawaida, tujue unatoa hewa kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Kisha unavuta mvuke wenye metakolini kidogo sana, unapuliza tena, tunaongeza dozi hatua kwa hatua. Hewa hiyo ikipungua kwa asilimia 20, tunasimama hapohapo, tunakupa salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua mirija, na huondoki mpaka pumzi yako irudi ilivyokuwa. Wengi huhisi kikohozi au uzito kifuani tu. Kipimo hakikuachii pumu ambayo hukuja nayo.

Sisi tunalithamini zaidi jibu hasi, yaani mirija isipobana. Ikiwa una dalili siku hizi na hutumii steroidi za kuvuta (dawa za kutuliza uvimbe wa mirija), kipimo kikatoka hasi, uwezekano wa pumu ni mdogo sana, na daktari anaanza kutafuta kwingine: kiungulia, mafua ya mzio, hata nyuzi za sauti. Inatuuma kuona mtu akitembea na pampu miaka na miaka kwa ugonjwa asio nao. Jibu chanya linahitaji uangalifu zaidi, maana mafua ya mzio au sigara navyo huweza kuifanya mirija iwe nyepesi kubana. Ndiyo maana tunalisoma pamoja na dalili zako.

Hatumpimi kila anayekuja. Kama spairometa imeshaonyesha mirija imebana na ikafunguka vizuri kwa salbutamoli, jibu unalo tayari. Usitupe pesa yako. Hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 60 ya kiwango kinachotarajiwa, kwa kawaida hatuendelei. Pia tuambie mapema kama una ujauzito, presha isiyotulia, au umepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi 3.

Dawa huficha majibu. Salbutamoli husimamishwa saa 6 kabla, pampu zenye fomoteroli au salmeteroli saa 36, na pampu yenye tiotropiamu siku 7. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, tupigie kwanza tupange na daktari wako. Na ukibanwa usiku wa kuamkia kipimo, vuta pampu yako bila kusita. Tutakupa tarehe nyingine.