Mota zinaungulia Unga Limited: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima zote, tunakuandikia sisi mafundi umeme wa viwandani na wenye karakana wa Unga Limited, Themi na Njiro, maeneo ya hapa jijini Arusha. Mazungumzo ya kufufua viwanda hapa Arusha huanzia kwenye kile kiwanda cha matairi kilichofungwa na kuishia kwenye megawati. Megawati zipo. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina 2,115, na mwaka 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, ili kupunguza upotevu wa kuusafirisha kutoka kusini. Tunauunga mkono. Lakini umeme kufika Arusha ni jambo moja, kuifikia mota ukiwa mzima ni jambo jingine, na karakana nyingi zinakwama hapo katikati.

Chukua mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, inayoendesha kinu cha kukamua alizeti. Kati ya fezi na fezi panatakiwa volti 400. Mwisho wa laini ndefu, jioni, mita inaweza kusoma 402, 396 na 372. Taa zinawaka, kila mtu anasema umeme upo. Ila wastani ni 390, na fezi dhaifu imeachana nao kwa volti 18, sawa na asilimia 4.6. Kanuni ya mota ni kwamba ongezeko la joto hukaribia mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo, yaani kama asilimia 42. Na kila nyuzijoto 10 zinazozidi hukata nusu ya umri wa insulesheni, yaani ganda linalozuia waya kugusana. Chanzo mara nyingi ni kidogo: saluni, mashine za kuchomelea na nyumba mpya zimeungwa kwenye fezi ileile moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ngazi ya fundi. Kuzigawa kwenye fezi nyingine ni kazi ya siku moja, mradi mtu awe amepima kwanza.

Fezi zote tatu zikishuka hadi volti 340, mota inabaki na asilimia 72 tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Kinu kilichojaa mbegu hakianzi, mota inavuta ampea nyingi, rilei ya ulinzi, kifaa cha kuizima mota isiungue, inakata. Mwendeshaji ana oda ya watu, anachukua bisibisi na kuipandisha ile rilei ili isikate tena. Hapo mota imeshahukumiwa.

Ikiungua, inapelekwa kwa kijana aliyetoka chuoni. Anaisuka upya vizuri, waya safi, vanishi safi, anairudisha. Baada ya wiki chache imeungua tena. Tusimlaumu: alifundishwa kusuka, hakufundishwa kuuliza imeunguzwa na nini. Kazi kamili ni kupima volti tatu mashine ikiwa na mzigo, kupima ampea za kila fezi, kupima insulesheni kwa mega ya volti 500 (chini ya megaomu 1 usiiwashe), kukaza viungio, kubadilisha kontakta (swichi ya kuwashia mota) yenye meno yaliyoliwa, kisha kurudisha rilei kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

Haya hayafundishiki ubaoni. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, kwa hiyo wana haki ya kupata mafundi. Uanagenzi wa sasa, yaani mafunzo ya ufundi kazini, unaharibikia pale mwanafunzi anapofika kiwandani akapewa ufagio. Apewe orodha ya kazi 12, kila moja isainiwe na fundi mkuu wa kiwanda aliyemwona akiifanya. VETA, Chuo cha Ufundi Arusha na TEMDO, shirika la Serikali la kubuni mitambo, wako mjini humu humu; orodha hiyo wanaweza kuiandika kwa pamoja ndani ya mwezi mmoja.

Kuna na fedha zinazovuja kimyakimya. Kwa bei za mwaka 2016 za EWURA, mdhibiti wa nishati, mteja wa T2 (kundi la watumiaji wakubwa) hulipa shilingi 15,004 kwa mwezi kwa kila kVA, kipimo cha mzigo wote anaouvuta kwenye laini. Kiwanda cha kilowati 250 chenye pawafakta (sehemu ya mzigo huo inayofanya kazi halisi) ya 0.70 huchukua kVA 357; kikifika 0.95 huchukua 263. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,400,000 kila mwezi, na dawa yake ni kapasita, vifaa vya kuinua pawafakta, za kVAr 175 (kipimo cha ukubwa wake), hatua saba za 25. Wengi hufunga za moja kwa moja bila kidhibiti cha kuziwasha na kuzizima. Usiku mota zikizimwa, kapasita zinabaki kwenye laini na volti inapanda. Penye draivu za kubadilisha mwendo wa mota, kapasita ziwekewe riakta (koili za kuzikinga), la sivyo zinaweza kupasuka.

Wewe ndiye mwenyekiti wa Baraza la Biashara la Mkoa. Tunaomba kikao kijacho kiagize mita za kurekodi volti zifungwe siku saba kwenye kila transfoma inayolisha Unga Limited, Themi na Njiro, wastani wa kila dakika 10, na matokeo yabandikwe ofisi za kata. Zianzie Unga Limited, kabla vinu vya alizeti havijaingia msimu. Ngazi na mita za mkononi tunazo. Mafundi wa shirika la umeme wakija, tutapanda nao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi umeme na wenye karakana,
Unga Limited, Arusha