Upepo na maji ya Beijing si hirizi ya kutundikwa Mombasa

Mhariri,

Nimesoma barua mbili katika ukurasa huu kuhusu elimu ya Wachina ya kupanga majengo, iitwayo feng shui. Ya kwanza iliiita ushirikina mtupu, na ya pili ikaisifu kuwa njia ya kuvuta riziki dukani. Mimi nimechora ramani za majumba hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na naona hakuna kati ya waandishi hao aliyelitazama jengo ambamo elimu hiyo ilitumika kwa ukamilifu, nalo ni kasri la makaizari lililoko Beijing, lililojulikana kama Mji Marufuku.

Maneno yenyewe, feng shui, maana yake ni upepo na maji. Mtu wa pwani hana haja ya kuyashangaa, kwani sisi hata dira tumeipata kwa pepo: kaskazini ni kule kunakotoka kaskazi, na kusini ni kule kunakotoka kusi. Kaizari Yongle wa ukoo wa Ming, aliyelijenga kasri hilo kati ya mwaka 1406 na 1420 (huyohuyo aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415), alikuwa na upepo wa aina nyingine wa kuuhofia. Majira ya baridi Beijing hupigwa na upepo mkali ushukao kutoka pande za Mongolia na Siberia, wenye baridi ya kugandisha maji mtungini. Kwa hiyo kasri lilipewa mgongo upande wa kaskazini na uso upande wa kusini, ambako jua la majira hayo hupita chini na kuingia kumbini. Kanuni hutaka mlima nyuma na maji mbele, na kwa kuwa uwanda ule haukuwa na mlima, waliutengeneza: udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji lenye upana wa mita 52, linalouzunguka ukuta wote, ulilundikwa nyuma ya kasri hadi ukawa kilima cha Jingshan, chenye urefu wa zaidi ya mita 40.

Maji yalipangwa kwa uangalifu uleule. Mto wa Maji ya Dhahabu, ambao kwa kweli ni mfereji wa kuchimbwa, huingia kutoka kaskazini-magharibi, hujipinda kama uta mbele ya lango la kumbi kuu, chini ya madaraja matano ya marumaru, kisha hutokea kusini-mashariki. Wenye elimu yao husema kwamba kule kujipinda huizuia baraka isipite mbio. Mimi mchoraji ninaona pia mahali pa kupokea maji ya mvua na pa kuchota maji ya kuzimia moto katika kasri la mbao. Uwanja wote umeinamishwa kidogo kuelekea kusini, na jukwaa la ngazi tatu linalobeba kumbi kuu limezungushiwa vichwa vya joka vya mawe zaidi ya 1,000, kila kimoja kikiwa na tundu mdomoni, ili mvua inyeshapo vyote viteme maji kwa pamoja na uwanja ubaki mkavu. Natamani kuona japo mtaro mmoja wa namna hiyo mtaani kwetu masika yanapoingia.

Sikatai kwamba imani imo, na imo tele. Mapaa karibu yote ni ya manjano, rangi ya udongo na ya katikati ya dunia, lakini jumba la vitabu la Wenyuange, lililokamilika mwaka 1776, liliezekwa vigae vyeusi kwa sababu nyeusi ni rangi ya maji na maji hushinda moto. Imani hiyo haikuwa ngao ya kila kitu. Mwaka 1421, miezi michache tu baada ya kasri kuzinduliwa, radi ilipiga kumbi tatu kuu zikateketea, na zikakaa takriban miaka 20 bila kujengwa upya. Na ni katika kilima hichohicho cha kinga, Jingshan, ambako kaizari wa mwisho wa Ming kutawala Beijing alijinyonga mwaka 1644, waasi walipouingia mji.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaotuuzia kanuni hizo zikiwa zimefungwa karatasini. Mpango wa Beijing ulitungwa ili kuuzuia upepo. Sisi tunaishi kwa kuukaribisha. Mtu akinijengea kilima nyuma ya nyumba hapa Kisiwani, kaskazi ikazibwa mwezi wa Januari, atakuwa amenipika nikiwa hai. Wazee waliojenga Mji wa Kale walilijua jambo hili bila kitabu cha mtu: roshani zinazopokea upepo, ua wa ndani unaopandisha joto juu, na mlango wa mbele usiotazamana na wa ndani. Nyumba ninayoishi kwa kodi sasa ni ya juzi tu, na dirisha langu la chumbani linafungukia ukuta wa jirani, mkono mmoja kutoka hapa nilipo.

Juzi jirani yangu mwenye duka la leso aliniletea kioo kidogo cha feng shui chenye pembe nane, alichouziwa kwa bei ambayo sitaitaja kwa kumstahi, akaniuliza: “Mzee, nikitundike upande gani ili wateja waingie? Maana wakija hawakai, wanalalamika joto.” Nilimuuliza kama dirisha lake la upande wa kusi linafunguka. Akasema hajui, kwa sababu lina miaka sita nyuma ya kabati.

Mchoraji ramani mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa