Petroli ya masika usiiache ikangoja vuli

Kila vuli ikikaribia, karakana yetu hapa Chake Chake hujaa pawatila, yaani mashine ndogo za kulimia za kutembea nazo kwa mkono, ambazo hazikuvunjika kitu. Mwenyewe huileta juu ya gari la ng'ombe, akaishusha, akasema: "Fundi, msimu wa mpunga imenilimia vizuri, nikaiweka banda la uani, sikuigusa tena. Leo nimevuta kamba mpaka bega linauma, haikohoi hata mara moja."

Hapo kwenye "sikuigusa" ndipo penye ugonjwa.

Mwaka jana ami mmoja kutoka upande wa Micheweni alituletea yake. Tulipofungua bakuli la kabureta, chini tulikuta kitu cha rangi ya chai kavu, kinanata kama halua, na harufu yake si ya petroli tena, ni kama ya rangi ya mlango. Kitundu cha jeti kinachopitisha petroli, chembamba kuliko sindano ya cherehani, kimeziba kabisa. Tukamuuliza petroli hii ya lini. "Hii? Ya kulimia mpunga." Basi ni ya mwezi wa tatu, na siku hiyo tulikuwa mwezi wa kumi.

Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki hugeuka gundi. Kwa joto letu, mwezi mmoja unatosha kuanza kuichachisha. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kulima, mimina petroli ya tangini kwenye dumu, uitie pikipiki. Halafu washa injini, uiache ingurume mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Kisha legeza ile bolti ndogo chini ya bakuli la kabureta, tone la mwisho lidondoke.

Wenye dizeli, nyinyi fanyeni kinyume chake. Tangi la dizeli jazeni pomoni, kwa sababu nafasi tupu ndani ya tangi huvuta unyevu, usiku ukageuka maji. Wala msiiache injini ikaukiwe, maana hewa ikiingia kwenye paipu mtakuja kuhangaika kuitoa.

Oili, watu wengi huibadilisha siku ya kuiamsha mashine. Ibadilishe siku ya kuilaza. Oili iliyotumika ina uchafu na asidi, ikilala miezi sita humo inakula vyuma taratibu. Imwage injini ikiwa na moto kidogo, itoke na taka zake. Injini ndogo za petroli, za farasi tano hadi saba, nyingi huchukua zaidi kidogo ya nusu lita, lakini usikisie, tazama kijiti cha kupimia. Baada ya hapo fungua plagi, tia kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu lake, vuta kamba polepole mara mbili tatu, urudishe plagi. Malizia kwa kuvuta mpaka uisikie kamba imekuwa nzito, uache hapo hapo. Hapo vali zote zimefunga, hewa ya unyevu haipiti.

Na kwetu huku hewa si ya unyevu tu, ina chumvi. Osha tope kwa maji matamu, injini ikiwa imepoa, na usielekeze mpira wa maji kwenye chujio la hewa wala ekzosi. Majembe yakishakauka yapake oili safi.

Kabla ya kuyapaka, lala chini uangalie shafti inayoyazungusha. Utakuta nyasi, nyuzi za mifuko ya mbolea, pengine na kipande cha wavu, vimejizungusha vikakaza kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Hivyo ndivyo vinavyokata sili, ile raba inayozuia oili isitoke. Oili ya giaboksi huvuja, tope likaingia, na wewe huoni chochote mpaka gia zianze kulia. Kwa kisu, nusu saa umemaliza. Kufungua giaboksi ni kazi nyingine, na bei yake nyingine.

Bandani iweke juu ya mbao, mkanda ukiwa umelegezwa. Usiifunge kwa turubai la plastiki likabana, itatoa jasho. Gunia linatosha. Ekzosi izibe kwa kitambaa, manyigu wanaipenda sana. Na kuku wasilale juu yake: kinyesi chao kinakula rangi, kisha bati.

Kama huna nafasi, tuletee sisi tuilaze, au tupigie tuje kwako na vifaa. Njoo kipupwe, kazi ni chache na hukai foleni. Ukingoja mwezi wa kumi utakuta mashine zimepangwa hadi barabarani, na spea ikikosekana hapa lazima isubiri boti ya Unguja. Kazi yote tunafanya, isipokuwa kuku. Hao utawahamisha mwenyewe.