Mdogo wangu, na wewe si unasema bibi kala chumvi?

Mdogo wangu,

Juzi umenitumia voisi unacheka mpaka unakohoa, et kwenye tamthilia yako bibi kamuuliza katoto "myeot sal meogeosseo", ukatafuta neno kwa neno ukakuta "umekula miaka mingapi", ukasema hawa Wakorea wana mambo. We ambaye kila siku unasema bibi kala chumvi nyingi ndo wa kucheka? Bibi yetu kala chumvi, wao wanakula miaka yenyewe, na mwaka mpya wanaula kwa bakuli kabisa, ile supu ya vipande vya keki ya mchele inaitwa tteokguk, ukimaliza unaambiwa umeongeza mwaka.

Hilo meogeosseo linatoka kwenye kitenzi meokda, na meokda ni kula, sawa, ila usiliandike kwenye daftari ukafunga. Ni la kwao wenyewe, si la kuazima Kichina kama maneno yao mengi, limo kwenye maandishi yao ya karne ya 15, enzi zile mfalme Sejong anatoa herufi zao, 1446. Neno la zamani hivyo limeshakula kila kitu: wanakula woga (geop), wanakula matusi (yok) yaani kutukanwa, wanakula joto likiwazidi wakaumwa, golikipa anakula goli, na rushwa pia inaliwa, hapo hata sihitaji kukueleza.

Mi ninalolipenda ni maeum meokda, kula moyo, maana yake kuamua jambo ukalishikilia. Sisi tunakula kiapo, wao wanaenda mpaka kwenye moyo. Halafu kuna kkameokda, kumenya kitu ukala, kama karanga vile, lakini ndo hilo hilo la kusahau, na la kutafuna hela zikaisha, we hilo linakuhusu sana hahaha.

Sikio tu angalia. Gwi meokda si kula sikio, ni kuwa kiziwi, na meokda hiyo ni nyingine, ya kuziba, kamusi zao zinaitenga.

Na yule mwalimu wako wa Kikorea, mtu mzima yule, usije ukamuandikia "bap meogeosseo?", yaani umekula wali?, ukidhani unamjulia hali, ni kama kumwambia bibi "mambo vipi" badala ya shikamoo. Mkubwa anaulizwa "siksa hasyeosseoyo?", yaani umekula? kwa heshima, meokda hapo hata haionekani.