Kwako Uliyenisahihisha Siku Ile

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia. Juzi katika kuhamisha vitu nikalikuta lile daftari letu, nusu mwandiko wako, nusu wangu. Masharti yetu bado yapo ukurasa wa kwanza: nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, simu ikilia tunabadilisha hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. La mwisho niliandika mimi mwenyewe: "Usiniachie kosa hata moja." Ndiyo maana naandika hapa, mbele za watu. Faraghani ungelichukua sharti hilo ukaninyamazisha nalo.

Tulicheka sana, usikatae. Uligoma kabisa kukubali kwamba kiti kimeanguka lakini kijana ameanguka, na wote wawili wana ki-. Nami nikakurudishia kijiko chenu ambacho ni cha kiume, uma wa kike, na kisu kisicho huku wala kule. Nani aliamua? Ukasema hukuwepo kwenye kikao. Uliponieleza kuwa mazungumzo kama yetu kwenu huitwa tandem, kama ile baiskeli ya watu wawili, nikauliza nani anashika usukani. Ukajibu tutapokezana. Nikaamini.

Sasa siku ile.

Simu ilikuwa imeingia alfajiri kutoka nyumbani. Ningeweza kutokuja. Nilikuja kwa sababu katika mji mzima wewe ndiye mtu pekee niliyezungumza naye mambo yasiyo ya fomu wala mtihani. Ilikuwa zamu ya Kijerumani na mimi, sijui kwa nini, nikaiheshimu zamu. Nikasema: *Mein Vater hat gestorben.*

Ukasema: "*Ist.*"

Niwaeleze wasioijua lugha hiyo: nilitaka kusema baba yangu amefariki. Vitenzi vingi vya jambo lililokwisha hubebwa na *hat*, ila vichache vya mwendo na vya kugeuka hali, kama kuondoka, kufika, kusinzia, kufa, hubebwa na *ist*. Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Sijaikosea tena kanuni hiyo tangu siku ile, na shukrani sikupi.

Nilingoja. "Pole" nilikufundisha wiki ya kwanza. Ulilipenda, ukasema kwenu hakuna neno moja linaloweza kumtosha aliyejikwaa, aliyechoka na aliyefiwa. Ulilimwaga hovyo, hata kalamu ikidondoka unaipa pole. Siku ile lilikwenda wapi? Nadhani ulinyoosha mkono, lakini mimi nilikuwa tayari nakusanya vitabu.

Basi kama una mwenzako mwingine wa mazungumzo sasa, nikushauri. Mtu akikwama katika lugha ya ugenini, si kila mara amekosa neno. Mwache amalize. Kosa liandike pembeni umwoneshe baadaye, au irudie sentensi yake ikiwa imenyooka, kama unaitikia tu, naye atasikia mwenyewe. Mimi nilikufanyia hivyo siku zote.

Si siku zote. Nimegeuza kurasa. Kuna mstari wako, mwandiko umelala kama wa mtu aliyechoka: "Bibi yangu amekufa." Kalamu yangu nyekundu imekata neno la mwisho na kuandika juu yake "amefariki". Sikumbuki kama nilisema kitu kingine. Chini yake tumeendelea na zoezi la siku za wiki.

Lakini hayo ni mambo mawili tofauti, naomba unielewe. Mimi nilikuwa nakukinga usionekane huna adabu siku utakapomtaja marehemu wa mtu. Nilikupa neno laini zaidi. Wewe ulinirekebishia kitenzi kisaidizi! Halafu bibi yako mimi sikuwahi kumwona. Sawa, na wewe baba yangu hukumwona, ila nilikuwa nimekusimulia habari zake wiki baada ya wiki. Na wewe ulinisimulia za bibi, nakubali, alivyokuwa akikusubiri dirishani. Hata hivyo.

Jioni ile uliniandikia kwa Kiswahili, neno moja lililokaa sawasawa: "Hujakasirika?" Nikajibu: "Ndiyo."

Swali la namna hiyo tulilifanyia zoezi mara tatu. Kwetu "ndiyo" hapo inamwambia muulizaji amesema kweli, sijakasirika. Kwenu anayekubaliana na swali la kukanusha hujibu *nein*, yaani hapana. Hukuandika tena. Miaka minne nimekulaumu kwa kunyamaza. Pengine ulinisoma kwa sarufi yangu, ukaamini yamekwisha. Pengine ulinisoma kwa sarufi yenu, ukaona nimekasirika, ukaniacha nipumue. Sarufi yoyote uliyotumia, mimi nilikuwa nimeichagua "ndiyo" makusudi, kwa sababu ingeweza kusomwa kote kuwili.

Na lile neno lenu fupi la kumpindua mtu anayeuliza kwa kukanusha, lile ambalo sikuwahi kukupatia pacha wake katika Kiswahili, nilikuwa nalijua tayari.

Hujakasirika?

*Doch.*