Picha za Fosso si za kujipenda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba Samuel Fosso, mpiga picha anayejipiga mwenyewe akiwa amevaa kama watu mashuhuri, hana tofauti na vijana wanaojipiga kwa simu jioni kando ya bahari pale Mama Ngina. Nimefanya kazi ya studio hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na naona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kesi kusikizwa.

Fosso alizaliwa mwaka 1962 mjini Kumba, Kameruni, na wazazi wenye asili ya Nigeria. Alizaliwa na kilema cha viungo, na kwa sababu hiyo hakupigishwa picha ya uchanga kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Baada ya vita vya Biafra kule Nigeria alichukuliwa na jamaa yake, fundi viatu, akaenda kuishi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati; huko alijifunza kazi kwa mpiga picha, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana aliwapiga wateja. Jioni, filamu ya kamera ikiwa na nafasi chache zilizobaki, alijipiga yeye, akampelekea nyanya yake kule Nigeria apate kujua kwamba mjukuu wake yu hai na mwenye afya. Mtu ambaye hana hata picha moja ya uchanga wake, akijitengenezea picha baadaye, sioni vipi tutamwita mwenye kujipenda.

Mavazi ya picha hizo za awali, ile suruali pana na viatu vya kisigino kirefu, aliyaiga kwa mwanamuziki Prince Nico Mbarga na kwa picha za Wamarekani weusi alizoziona magazetini. Mapenzi hayo ya ujanani ndiyo yaliyokomaa mwaka 2008 katika mfululizo wa African Spirits, ambamo amekuwa Malcolm X na Angela Davis, wapigania haki wa Marekani, Lumumba wa Kongo na Nkrumah wa Ghana. Msomaji wako aliona nywele za bandia tu. Mimi niliangalia taa. Kila picha pale inafuata picha nyingine iliyokwisha kujulikana, na kukirudisha kivuli mahali palepale kilipowekwa na taa ya mpiga picha mwingine, miaka arubaini nyuma, ni kazi ambayo fundi hodari huirudia mara nyingi kabla haijakubali. Kwa hivyo anawaheshimu mashujaa wale, na pia waliowapiga picha, ambao majina yao huwa hatuyaulizi.

Kejeli anayo, sikatai. Picha yake ya mwaka 1997 ya chifu aliyewauzia wakoloni Afrika, mwenye ngozi ya chui, miwani na alizeti mkononi, inachekesha mpaka mtu akumbuke ni nani anayechekwa.

Sisi wa studio za hapa tulikuwa na nafasi zilezile mwisho wa filamu. Mteja wa picha za pasi akitaka picha zake siku hiyohiyo, hatukungoja filamu ijae. Tulizimaliza zile zilizobaki kwa kupiga ukuta au saa ya ukutani, kisha tukaingia chumba cha giza kusafisha. Ninazo negativu hizo mpaka leo, na nyingi zinaonyesha saa kumi na moja na nusu jioni.

Mpiga picha mstaafu,
Mombasa